Funza Weupe Kwenye Ukoka wa Nyumbani: Tuchimbe Kabla ya Kupuliza



Masika yakishakatika, mwezi Juni hivi, ukoka wa mbele ya nyumba nyingi hapa kwetu Musoma, Bunda na Butiama huanza kutoa viraka vya manjano. Viraka huungana, vikawa vya kahawia. Mwenye nyumba hulaumu jua, hufungua mpira wa maji asubuhi na jioni, na nyasi hazirudi. Pale penye funza weupe haziwezi kurudi, kwa sababu hakuna mzizi wa kuyapokea maji. Mizizi ililiwa wakati wa mvua, majani yakiwa bado ya kijani na hakuna aliyeona haja ya kutazama chini.

Funza huyu ni buu la mbawakawa. Mwili wake ni mweupe, umejikunja, kichwa ni cha kahawia, miguu sita imekaa karibu na kichwa, na nyuma huonekana weusi wa udongo aliomeza. Mzazi wake ni mmoja wa wale wadudu wenye gamba gumu wanaogonga taa za barazani usiku, mvua za kwanza zinapoanza. Jike hutaga ardhini penye unyevu. Huko Arusha Chini, kusini mwa Moshi, mashamba ya miwa ya kampuni ya TPC yamepambana kwa miongo mingi na jamaa yake, Cochliotis melolonthoides. Kwenye miwa anahesabiwa kuwa adui wa uchumi. Nyumbani hahesabiwi kabisa, na hapo ndipo tunaponunua sumu kwa kubahatisha.

Ombi langu ni moja: tuchimbe kwanza. Chagua ukingo wa kiraka, pale nyasi mbovu zinapokutana na nzima, kwa sababu katikati pakishakauka funza huwa wamehama. Kata kwa jembe mraba wa sentimita 30 kwa 30, pande tatu tu, kisha ukunjue. Ukoka ulioliwa mizizi hunyanyuka kama mkeka. Pekua udongo hadi kina cha sentimita 8 au 10, hesabu funza, rudisha nyasi na uzimwagilie. Wataalamu wa nyasi wa Marekani huanza kufikiria tiba wakikuta funza 5 hadi 10 katika eneo kama hilo, na nyasi zenye afya huweza kustahimili zaidi. Ukikuta wawili, tatizo lako liko kwingine.

Na mara nyingi liko kwingine kweli. Viwavijeshi hupenda sana ukoka, lakini wao hula majani na kuacha mizizi. Mchwa huacha vijia vya udongo. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ulivyo sehemu nyingi za Bunda, kiangazi hupasua ardhi na nyufa hukata mizizi bila mdudu yeyote. Kwa upande mwingine, ukiona kwarara, kunguru au nguchiro wanarudi kila siku kufukua sehemu ileile, chukua jembe.

Nizungumzie samadi, maana sisi ni wafugaji. Funza wakubwa wanaokutwa kwenye lundo la samadi huwatia watu hofu, lakini wengi wao hula vitu vilivyooza. Mweke mmoja sakafuni: akitembea kwa mgongo, miguu ikiwa juu, ni buu la mbawakawa wa maua, na anakutengenezea mbolea. Mwache. Samadi ya kutandaza kwenye nyasi, hata hivyo, iwe imeoza vizuri.

Kuhusu sumu, nasema kwa uchungu. Carbofuran, iliyofahamika kwa jina la Furadan, ilikuwa dawa ya wadudu wa ardhini. Chembe moja yake huweza kumuua ndege mdogo. Nchini Kenya ilitumika kuwaua simba, na mwaka 2009 watengenezaji wake, FMC ya Marekani, walisitisha kuiuza huko. Bunda imepakana na Serengeti. Musoma iko kando ya Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa. Punje za sumu zikimwagwa kwenye nyasi siku ya mvua kubwa, tunajua zinakoelekea. Anayelazimika kutumia kiuatilifu aulize kwanza kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na akitumie funza wakiwa wadogo, wiki chache baada ya mbawakawa kuruka. Juni funza wameshakomaa. Sumu wakati huo ni hasara tupu.

Kabla ya kufika huko tuna kuku. Fungua kiraka kwa reki, waachie kuku asubuhi, wao watamaliza kazi. Ila wasiingie kamwe palipowekwa sumu. Zima taa za nje mvua zinapoanza. Usifyeke ukoka hadi chini kabisa. Ukiachwa na urefu wa sentimita 5 hivi, mizizi hushika kina. Viraka vilivyokufa vipandwe upya vipando vya ukoka vuli ikianza.

Ninapendekeza kila halmashauri ya Musoma, Bunda na Butiama imteue afisa ugani mmoja wa kuandika tarehe ambayo mbawakawa wanaonekana kwa wingi kwenye taa, pamoja na idadi ya funza katika bustani chache zilizochaguliwa. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere kiko hapo Butiama. Wanafunzi wake wanaweza kutusaidia kutambua aina za wadudu hao. Kazi hiyo ianze na vuli ijayo.