Siri ya Jeshi na Haki ya Mjane



Mtu akidhurika mikononi mwa jeshi, ushahidi wake kwa kawaida umo katika majalada ya jeshi lenyewe. Likikataa kuyatoa, ni nani atakayeamua kama lina haki ya kukataa? Kesi moja ya Marekani yatufundisha.

Tarehe 6 Oktoba 1948, ndege ya kijeshi aina ya B-29 ilishika moto ikaanguka Waycross, jimbo la Georgia. Kati ya watu 13 waliokuwamo, 9 walifariki. Watatu kati ya marehemu walikuwa raia, wataalamu waliohusika na majaribio ya vyombo vya siri. Wajane wao waliishtaki serikali, wakaomba taarifa ya uchunguzi wa ajali.

Jeshi la Anga lilikataa, likidai kuwa ni siri ya ulinzi. Jaji akaagiza aletewe yeye aisome faraghani. Serikali ikakataa tena. Ndipo jaji alipoihesabu kuwa imekosa, akawapa wajane fidia. Lakini mwaka wa 1953 Mahakama ya Juu, majaji 6 dhidi ya 3, iliitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba palipo na hatari ya kufichua siri ya kijeshi, jaji naye asishurutishe kuonyeshwa hati hata faraghani. Wajane wakaridhia fidia pungufu.

Baadaye taarifa ile iliondolewa usiri, na mwaka wa 2000 binti wa mmoja wa marehemu akaipata. Haikufafanua utendaji wa vyombo vya siri. Ilionyesha kwamba ngao za kukinga joto la injini hazikufungwa kama ilivyoagizwa. Familia zilirudi mahakamani zikidai kuwa mahakama ilidanganywa. Mwaka wa 2005 zikashindwa katika rufani.

Ndugu zangu, siri za kweli za ulinzi zipo, wala hakuna mwenye busara atakaye zitangazwe sokoni. Lakini kumwachia mshtakiwa aamue ni ushahidi upi usionekane ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Uingereza, ambako sheria yetu ilichota mengi, majaji waliamua mwaka wa 1968 kwamba waweza kuikagua hati wenyewe kabla ya kukubali neno la waziri.

Kwetu Kenya, kifungu cha 131 cha Sheria ya Ushahidi kilimpa waziri uwezo wa kuizuia hati kwa kiapo chake. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 nacho champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi, akija kwenu mjane au majeruhi, msaidieni aombe hati mapema, kwa maandishi. Akinyimwa, wakili wake amsihi jaji azisome mwenyewe. Siri ya haki haiogopi jicho la jaji.