Kazi na Sura ya Kazi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Jambo tulilolichagua ni la kila siku, nalo ni tofauti iliyopo baina ya mtu anayefanya kazi na mtu anayeonekana kuwa kazini.

Katika ofisi za mji wetu wa Nairobi limo koti lisilokwenda nyumbani. Mwenyewe hulitundika kwenye kiti asubuhi, kisha akaenda katika shughuli zake. Mkubwa akipita huliona koti, akasadiki kwamba mwenye koti yu karibu. Mtu aliyekuja kutafuta cheti hukaa benchini akilitazama mpaka saa kumi, kisha akarudi Makadara mikono mitupu. Sisi hucheka tukisimuliwa habari hiyo, lakini nauli iliyopotea ni ya yule wa benchini.

Desturi hii ina mizizi mirefu, wala si haki kumlaumu mfanyakazi peke yake. Neno letu kibarua, kwa asili yake, ni barua ndogo, yaani karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa ili aionyeshe wakati wa kulipwa. Kisha ikaja sheria ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita kuu vya kwanza, ikawalazimisha wanaume wa Kiafrika kuchukua kipande. Walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ndani yake mwajiri aliandika siku ya kuingia kazini, siku ya kutoka, na mshahara. Aliyekutwa bila ya sahihi ya mwajiri aliweza kukamatwa. Basi wazee wetu walifundishwa kwamba usalama wa mtu ni kuonekana yupo.

Tena mwaka wa 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilieleza kwamba malipo yalikuwa yakipimwa kwa mahitaji ya mwanamume wa peke yake, kana kwamba hana mke wala watoto. Mtu alipwaye hivyo hujifunza kuupeleka mwili kazini na kuuacha moyo nyumbani. Waajiri waliomo kati yetu leo, hata mwenye duka la msaidizi mmoja, na walikumbuke jambo hilo kabla ya kulalamika juu ya uvivu.

Sasa tushuke Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Hapo pipa la mafuta hukatwa, likanyooshwa kwa nyundo, likawa jiko, karai, au sanduku la mtoto anayekwenda shule ya bweni. Fundi hana koti la kutundika. Lakini tusidhani kwamba kelele za nyundo ndizo kazi yenyewe, kwani debe tupu haliachi kuvuma. Mama anayenunua sanduku haulizi fundi aligonga mara ngapi. Hufunua kifuniko, akakifunga, akajaribu komeo, ndipo atoe fedha. Mwaka wa 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani waliochunguza hali ya Kenya waliandika kwamba wengi wa maskini wetu hawakuwa wavivu, bali walifanya kazi nyingi kwa pato dogo, na kwamba mafundi wa namna hii, waliokuwa wakisumbuliwa na wakubwa wa mji, walikuwa wakiifaa nchi.

Ndugu zetu, tungeweza kuishia hapo na kupigiwa makofi. Lakini yatupasa kujitazama sisi wenyewe. Mwaka huu mmoja wetu alifariki. Halmashauri ilikutana mara tatu juu ya msaada wa mazishi. Kumbukumbu za mikutano hiyo zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, na mahudhurio yalikuwa kamili. Hata hivyo hundi ilingoja sahihi moja, na gari la kumsafirisha marehemu likalipwa kwa mchango wa majirani wa Jericho. Mjane hakututolea ukali. Alituuliza tu, "Wazee wangu, mtakutana tena lini?"

Swali hilo hatukuweza kulijibu. Siku zile sisi tulikuwa lile koti, na mama yule ndiye aliyekuwa benchini.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila azimio liandikwe pamoja na jina la atakayelitimiza na siku ya kulitimiza. Pili, fedha za msiba ziwe na watia sahihi wa akiba, ili safari au ugonjwa wa mtu mmoja usizizuie. Tatu, taarifa ya mwaka ujao isianze kwa idadi ya mikutano, bali ianze kwa msaada uliowafikia wanachama, na siku ngapi waliungoja.

Jembe hujulikana shambani. Nasi tujulikane mlangoni kwa mwenye haja, tukiwa tumefika kabla hajatuuliza.