Korosho na Uwezo wa Kusubiri



Nimeombwa nizungumzie namna serikali na wafanyabiashara wanavyoweza kuongeza thamani katika nchi ambazo uchumi wake bado unachipukia. Nikianza na nadharia nitawapoteza nusu yenu kabla chupa za maji hazijafika safu ya nyuma. Kwa hiyo nitazungumzia korosho, tena korosho za Mtwara, Lindi na Ruvuma. Zina historia ndefu ya kutosha kumwaibisha mchumi yeyote mwenye jibu rahisi.

Jibu rahisi mnalijua. Tunauza korosho ghafi India na Vietnam, wenzetu wanazibangua, wanabaki na ajira, wanabaki na mafuta ya ganda, kisha wanaziuza Ulaya na Marekani kwa bei kubwa. Basi tujenge viwanda. Hotuba nyingi zimeishia hapo na kupigiwa makofi. Shida ni kwamba viwanda tulishavijenga.

Msimu wa 1973/74 nchi yetu, Tanzania, ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Kwa mavuno hayo ilionekana ni upumbavu kuendelea kupakia ghafi melini. Serikali ikakopa, Benki ya Dunia ikiwamo katika wakopeshaji, ikaagiza mitambo kutoka Italia na Japani, na viwanda vikasimama Newala, Masasi, Mtama, Nachingwea, Lindi, Tunduru na kwingineko. Kwa pamoja vilikusudiwa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Ila wakati mafundi wanafunga mitambo, korosho zenyewe zilikuwa zinatoweka. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao, na shamba lililo mbali na nyumba halipaliliwi, moto wa nyika hupita humo kila kiangazi. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo na ilichelewa. Kisha ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika tunda. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000.

Viwanda vikakosa cha kubangua. Baadaye vilibinafsishwa, na baadhi ya waliovinunua waliona faida ya kuvigeuza maghala. Ndani ya majengo yaliyojengwa ili korosho ghafi isiondoke nchini, ndimo korosho ghafi ikawa inasubiri meli. Ukitaka kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza tofauti kati ya jengo la kiwanda na kiwanda, huna haja ya kitabu.

Mikorosho ilirudi, na namna ilivyorudi ndiyo inayonivutia zaidi. Watafiti wa kituo cha Naliendele, hapa Mtwara, walichunguza ubwiriunga na kuonyesha kwamba salfa ya unga, ikipulizwa kwa wakati na kwa kipimo, inaokoa maua. Wakazalisha pia mbegu bora na miche ya kubebeshwa. Kazi hiyo isingefanywa na mfanyabiashara, na simlaumu. Angetumia fedha zake miaka kumi kutafuta dawa, jirani yake angeitumia bila kulipa senti. Kazi ya namna hiyo ni ya serikali, na ilipofanywa vizuri ililipa kuliko mtambo wowote wa Kiitaliano: msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 313,000, kiwango ambacho hatukuwahi kukifikia kabla ya hapo.

Mwaka 2007 ulianza pia mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa na kupangwa daraja, zinaingia ghalani, wanunuzi wanaleta zabuni kwenye mnada, wakulima wanakubali au wanakataa bei. Najua lawama zenu wakulima: makato mengi, malipo yanayochelewa, mizani inayotiliwa shaka, viongozi wa vyama wanaojenga nyumba haraka mno. Lawama nyingi kati ya hizo ni za haki. Lakini linganisheni na kangomba. Mwezi wa Julai chakula kimeisha, ada ya mtoto inadaiwa, na mwenye fedha anakuja na bakuli lake na bei yake. Korosho bado ni ua mtini, nayo imeshauzwa. Stakabadhi ghalani, pamoja na kasoro zake, ilimpa mkulima wiki chache za kusubiri ambazo hakuwa nazo.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Katika biashara ya korosho, sehemu kubwa ya thamani humwendea anayeweza kusubiri. Mkulima asiyeweza kusubiri humpa mtu wa kangomba. Na mwenye kiwanda asiyeweza kusubiri humpa mnunuzi wa Vietnam.

Nieleze hilo la kiwanda taratibu, maana mara nyingi linarukwa. Korosho zetu huvunwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi Januari. India, Vietnam na nchi za Afrika Magharibi huvuna baada ya hapo, katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Kwa hiyo mnada wa kwanza unapofunguliwa Newala au Tandahimba, viwanda vya Asia vimebakiwa na akiba ndogo na sisi ndio tunaoingiza korosho mpya sokoni. Kwa mkulima hiyo ni baraka, bei hupanda. Kwa mbanguaji wa ndani ni balaa, kwa sababu ananunua kwa bei ileile ya ushindani, tena lazima anunue ndani ya miezi mitatu korosho za kumtosha mwaka mzima.

Tufanye hesabu ya mfano. Kiwanda kinabangua tani 5,000 kwa mwaka, na ghafi ni shilingi 3,000 kwa kilo. Mwenye kiwanda anahitaji shilingi bilioni 15 kabla ya Krismasi. Akiba hiyo inapungua kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo kwa wastani amefungia bilioni saba na nusu ghalani. Akikopa kwa riba ya asilimia 15, analipa benki zaidi ya bilioni moja na milioni mia moja kwa mwaka kwa sababu tu korosho zinakaa. Gawanya kwa kilo: ni shilingi 225 kwa kila kilo ya ghafi. Na kwa kuwa kilo nne za ghafi hutoa kilo moja hivi ya korosho iliyobanguliwa, ni shilingi 900 kwa kila kilo anayopeleka sokoni. Mshindani wake akikopa kwa nusu ya riba hiyo, ameshamwacha nyuma kwa shilingi 450 kabla mtu yeyote hajawasha boila.

Mshindani ana faida nyingine pia. Baada ya mavuno yetu yeye hununua za Kodivaa, za Ghana, za Kambodia na za kwake mwenyewe, kwa hiyo halazimiki kufungia fedha za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. India nayo hutoza ushuru mkubwa zaidi kwenye korosho iliyobanguliwa kuliko kwenye ghafi, maana yake inakaribisha mzigo ghafi kuliko bidhaa.

Hata hivyo, ushuru na riba havielezi kila kitu. Korosho nzima nyeupe ina bei, iliyovunjika ina bei nyingine ya kusikitisha, na ganda lina mafuta makali yanayounguza vidole. Kubangua bila kuvunja ni ujuzi. Kinamama wa Kollam, katika jimbo la Kerala nchini India, walijifunza ujuzi huo kwa vizazi na mji wao ukategemea kazi hiyo. Vietnam ilichukua njia tofauti: mafundi wake walibuni mashine zao za kubangua, wakazirekebisha mwaka hadi mwaka, na kufikia mwaka 2006 nchi hiyo ilikuwa imeipita India kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Viwanda vingi vya Kollam vikaja kufungwa. Ninalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba aliyeshika soko leo amelishika milele.

Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ilipitia yake. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliishinikiza ipunguze ushuru wa kuuza nje korosho ghafi, kwa hoja kwamba ushuru huo unamnyonya mkulima. Ushuru ukapunguzwa, viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakakosa kazi. Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walipopiga hesabu walikuta wastani wa faida kwa kaya ya mkulima wa korosho ni kama dola tano kwa mwaka. Dola tano! Kiasi kikubwa cha tofauti ya bei kiliishia kwa walanguzi. Lakini msiondoke hapa mkisema basi ushuru ndio dawa. Viwanda vile vya zamani vya Msumbiji vilikuwa vikubwa na vya gharama, na vilivyofufuka baadaye Nampula vilikuwa vya ukubwa wa kati, karibu na mashamba, vikitegemea mikono ya watu zaidi kuliko mitambo mikubwa.

Sisi nasi tuna ushuru wa kuuza nje ghafi: asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini, au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa miaka kadhaa asilimia 65 ya fedha hizo ilirudi kuendeleza zao: salfa, miche, utafiti. Mkulima alikatwa, lakini aliona alichokatiwa. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria, fedha zote zikaelekezwa Hazina, na wabunge wa kusini walipiga kelele iliyosikika nchi nzima. Oktoba wakulima wakakataa bei za minada. Msimu uliotangulia walikuwa wamewahi kupata zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya Jeshi la Wananchi yakaingia barabarani.

Wapo wanaokumbuka tukio hilo kwa fahari na wapo wanaolikumbuka kwa machungu, na ukumbi huu, naona kwa nyuso, una wote. Bei ya 3,300 ilikuwa nzuri kwa mkulima. Lakini serikali haikuwa na mnunuzi mkononi, bei ya dunia ilikuwa inashuka, uhakiki wa mashamba ulichelewesha malipo, na mzigo ulikaa maghalani hadi mwaka uliofuata. Serikali ilikuwa na uwezo wa kusubiri, ila ilisubiri ikiwa imeshika bidhaa inayozeeka. Misimu miwili iliyofuata mavuno yalibaki chini ya tani 240,000. Mvua ilichangia, sikatai. Lakini mkulima asiyejua sheria ya mwakani hanunui salfa ya mwaka huu.

Baadaye fedha za ushuru zilianza kurudi kwenye zao. Nashukuru. Ningeshukuru zaidi kama mgawo huo usingeweza kuguswa katikati ya msimu, na kama kila chama cha msingi kingebandika ukutani kiasi kilichokatwa wilayani kwake na kilichorudi.

Sasa kuna Maranje, wilaya ya Mtwara, ambako serikali inaandaa eneo la viwanda vya korosho. Nimesikia wakizungumzia barabara, umeme, maji na idadi ya mashine. Yote yanahitajika. Swali langu kwa wahusika, nao baadhi wapo hapa, ni nani atakayemkopesha mbanguaji fedha za Oktoba hadi Desemba, kwa riba gani, na kwa dhamana ipi. Stakabadhi ya ghala ni karatasi inayothibitisha kwamba mali ipo, ina uzito fulani na daraja fulani. Benki ikiiamini, korosho yenyewe inakuwa dhamana, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo inaweza kubeba sehemu ya hatari ili riba ishuke. Ila benki itaiamini karatasi hiyo pale tu mizani ya ghalani itakapokuwa haina shaka, kwa hiyo kazi ya kwanza ya Maranje iko nje ya Maranje, kwenye maghala ya Tandahimba na Masasi, msimu ujao.