Daktari wa Watoto Njiti
Msikilizaji, mama wa Majengo, hapa Songea, akijifungua kabla ya wiki 37, mtoto wake ni njiti, na tegemeo lake ni Homso, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Daktari bingwa bobezi wa watoto hawa hapatikani kirahisi: udaktari miaka mitano, mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja, ubingwa wa watoto miaka mitatu, ndipo aingie kwenye ubobezi wa watoto wachanga. Baada ya yote hayo, anakesha akipima maziwa machache yanayopita kwenye mpira mwembamba wa puani.

Nyenzo yake kubwa haihitaji hata umeme. Ni njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978: mtoto amevaa kofia na nepi tu, amefungwa kwa kitenge kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Baba naye anaweza. Akina baba wa Ruvuma, jitokezeni!

Mabadiliko ya sheria za kazi ya 2025 yamemwongezea likizo mama wa njiti. Ni haki yake. Sasa serikali iwasomeshe madaktari vijana wa fani hii kwa mkataba wa kurudi mikoani. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iko zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, na mtoto wa kilo moja hawezi kuisubiri safari hiyo.