Pugu si mbali

Jumapili iliyopita niliwachukua wanangu kutoka Temeke tukaenda milima ya Pugu, mpakani na Kisarawe. Hazifiki kilomita 30, lakini hawakuwahi kufika.

Tulianzia shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere hadi mwaka 1955, alipoacha kazi ili aitumikie TANU. Kisha tukashika njia ya miguu msituni, hadi kwenye mapango yaliyochimbwa udongo mweupe wa kaolini. Siku hizi wenyeji wake ni popo.

Kando ya njia tulikuta tanuru la mkaa, bado linafuka moshi. Mdogo akaniuliza: "Baba, mkaa huu unakwenda wapi?" Nilikosa jibu, maana unakuja kwangu, na pengine kwako.

Mto Msimbazi unaanzia katika milima hiyo. Mlima ukivuliwa miti, maji ya mvua hayana wa kuyazuia, hushuka kwa kasi pamoja na udongo. Na Jangwani ya Desemba 2011 hatujaisahau.

Nendeni Pugu mkajionee. Mkirudi, kila mmoja atazame jikoni kwake kunawaka nini.

Hadi wiki ijayo.