Kitanzi kwa anayenajisi mtoto: hoja ya jukwaani na mambo ambayo jukwaa haliambii

UZI. Jumamosi nilialikwa kuzungumza kwenye baraza la mtaa wetu kuhusu hukumu ya kifo kwa wanaowadhulumu watoto. Wengi mmeniomba nilichosema. Nimekiandika hapa karibu neno kwa neno, nikakikata vipande. Sheria ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunajadili hoja.

1/ Hamjambo wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu. Mmeniuliza kama mtu anayemnajisi mtoto anyongwe. Sitawazungusha. Jibu langu ni hapana. Lakini ngojeni kwanza, msinizomee bado. Nipeni dakika kumi na tano, halafu mkitaka kunizomea, nitasimama hapa hapa.

2/ Hii ahadi mmeisikia. Mheshimiwa amesimama juu ya gari, kipaza sauti mkononi: "Mkinipa kura, atakayegusa mtoto wetu ni kitanzi!" Watu wanashangilia, vuvuzela zinalia. Mimi pia nimewahi kupiga makofi. Siwezi kuwaficha.

3/ Tena nina sababu. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu kwenye ploti alinigongea mlango usiku. Ni mama anayefua nguo za watu. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amenajisiwa na mdogo wa mumewe, aliyekuwa akiishi nao. Sitaeleza zaidi ya hapo. Usiku ule mngenipa kamba, ningeifunga mwenyewe. Kwa hivyo anayetaka kitanzi simwiti mshenzi. Hasira yake inatoka mahali pazuri.

4/ Sasa tuanze na sheria, kwa sababu wengi wanadhani sheria yetu ni laini. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema hivi. Ukimnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, ni kifungo cha maisha. Miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20 jela. Miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Na Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema vile viwango vya chini vya sheria hii vinabaki, korti haiwezi kujipunguzia tu.

5/ Na ukimuua mtoto, hiyo ni mauaji, na kwa mauaji kitanzi kiko kwenye vitabu tayari. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Muruatetu, iliondoa ulazima wake: jaji sasa anapima, halazimishwi kutoa hukumu ya kifo. Lakini hukumu yenyewe haikufutwa. Kwa hivyo swali la jukwaani hasa ni moja: tuongeze kitanzi kwa unajisi ambao mtoto amebaki hai?

6/ Kumbukeni pia kwamba Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Tunahukumu lakini hatunyongi. Mwaka 2009 rais wa wakati huo alibadilisha hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 zikawa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 rais aliyemfuata akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747. Mheshimiwa anayekuahidi kitanzi anakuahidi kitu ambacho serikali za rangi zote zimekiacha kabatini zaidi ya miaka 30.

7/ Nawapa wenzangu wa upande wa pili hoja yao nzito, nisije nikaonekana naikwepa. Wanasema: vijana wawili wakimpora mtu simu njiani, hiyo inaweza kuwa wizi wa mabavu, na adhabu yake kisheria ni kifo. Aliyeharibu mtoto hapewi kifo. Hiyo ni haki gani? Simu ina thamani kuliko mtoto?

8/ Swali ni la haki kabisa. Hapo sheria imepinda. Lakini tazameni hiyo hiyo sheria ya wizi wa mabavu. Kitanzi kimewekwa humo tangu miaka ya 1970. Je, tumelala milango wazi? Angalieni madirisha ya nyumba zenu, hesabuni vyuma. Jambazi hakuacha kazi kwa sababu ya kitanzi, kwa kuwa anapotoka nyumbani hafikirii hukumu. Anafikiria kwamba hatashikwa. Ukitaka kunyoosha sheria iliyopinda, iondoe kamba kwenye simu. Usiipeleke kwingine.

9/ Sasa tufike kwenye kiini. Tukisema "mnajisi", tunapiga picha ya mtu mgeni, amejificha kichakani. Wapo. Lakini wengi wanaowadhulumu watoto ni watu wanaojulikana na mtoto: mjomba, baba wa kambo, binamu, jirani, mwalimu, mtu wa dini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyo mtu analipa kodi ya nyumba. Ana mama anayempenda. Analala chumba cha pili.

10/ Narudi kwa jirani yangu. Shahidi mkubwa wa ile kesi alikuwa shosho, mama mzazi wa mshukiwa. Yeye ndiye aliyeingia akawakuta. Wazee wa ukoo walitaka mambo yamalizwe nyumbani. Mbuzi wakatajwa, pesa ikatajwa. Shosho akaniita pembeni, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wakimpata na hatia, watamuua?"

11/ Nikamwambia, "Hapana, shosho. Ni jela." Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Basi nitasema nilichoona."

12/ Nimelala na hilo swali miaka hii yote. Kama siku ile ningemjibu "ndiyo, watamnyonga", yule mama angeenda kortini kumfunga mwanawe kamba shingoni? Labda wewe ungeenda. Mimi sina uhakika na nafsi yangu. Bila shosho tulikuwa na nini? Maneno ya mtoto wa miaka tisa dhidi ya mtu mzima mwenye wakili.

13/ Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kitanzi hakimtishi mnajisi peke yake. Kinamtisha pia shahidi, na shahidi yuko nyumba hiyo hiyo. Tayari familia zinaficha mambo haya kwa sababu ya jela na aibu. Kaskazini mwa nchi wanaita maslaha, kwingine wanaita kukaa chini tuelewane. Ongeza kifo, utawapa wale wazee wa mbuzi sababu nzuri zaidi: "Kwani mnataka kumwaga damu ya mtu wetu?"

14/ Jambo la pili ni zito, nalisema polepole. Shahidi wa kwanza wa kosa hili ni mtoto mwenyewe. Kama adhabu ya kumnajisi ni kifo, na ya kumuua ni kifo, yule mtu ana sababu gani ya kumwacha mtoto hai? Mimi nataka sheria inayompa hata mtu mbaya sababu ya kumwacha mtoto arudi nyumbani.

15/ La tatu. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu korti kumtia mtu hatiani kwa kosa la kingono kwa ushahidi wa mtoto peke yake, hakimu akiridhika kwamba mtoto anasema kweli na akaandika sababu zake. Kifungu hicho kimeokoa kesi nyingi, maana makosa haya hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Lakini mpe hakimu kalamu inayoua mtu, halafu umwambie aitumie kwa maneno ya mtoto mmoja. Ataanza kutafuta shaka kila kona. Na akikosea, akamnyonga asiye na hatia? Jela unaweza kufungua mlango. Kaburi hulifungui.

16/ "Sawa, lakini kwingine kunafanya kazi." Twende hapa jirani tu. Uganda ilibadilisha sheria yake mwaka 2007, na kumnajisi mtoto wa chini ya miaka 14 kunaweza kukuletea hukumu ya kifo. Imeandikwa. Hata hivyo polisi wa Uganda bado huandikisha maelfu ya kesi za unajisi kila mwaka. Maneno makali kwenye karatasi hayakumzuia mtu.

17/ Nimalizie habari ya jirani yangu. Kesi ilichukua karibu miaka mitatu. Ikaahirishwa kwa sababu faili haikuonekana. Ikaahirishwa kwa sababu daktari aliyejaza P3 alikuwa amehamishwa. Ikaahirishwa tena kwa sababu hakimu alikuwa likizo. Kila tarehe mama anakosa kazi ya siku, mtoto anakosa shule, shosho anatoka mashambani na magari mawili. Mara mbili ploti nzima tulichanga nauli. Mara moja mama aliniambia, "Nimechoka, wacha Mungu ahukumu."

18/ Hatukuacha. Shosho alisimama akasema alichoona. Yule mtu akapewa kifungo cha maisha. Kwa hivyo mkiniuliza sheria ilikuwa kali vya kutosha, nitawaambia ndiyo, ilikuwa kali. Kilichokaribia kutuangusha ni nauli. Hebu niambieni, kitanzi kingetusaidia nini kwenye stendi ya matatu saa kumi na moja asubuhi?

19/ Na si mimi tu. Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kesi iliyoletwa kwa niaba ya wasichana walionajisiwa, kesi inayojulikana kama ya wasichana 160. Hawakuomba adhabu ikazwe. Walilalamika kwamba waliripoti na polisi hawakufanya uchunguzi inavyopaswa. Korti ikakubali: kule kuzembea kwa polisi kulivunja haki zao za kikatiba. Sheria ya 2006 ilikuwepo miaka yote hiyo, na kifungo cha maisha ndani yake. Haikuwa na miguu ya kutembea.

20/ Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, "Kwa hivyo tumlishe jela kwa kodi yetu?" Ndiyo, ndugu yangu. Tumlishe. Kodi hiyo inamweka mbali na mtoto wako, na inamwezesha shosho kusema ukweli. Mimi naona hiyo ni bei ninayoweza kulipa.

21/ Basi akija tena yule mheshimiwa na kitanzi chake, msimzomee. Mwulizeni mambo haya:
– Kituo cha polisi cha hapa kina afisa aliyefunzwa kushughulikia watoto, na chumba ambacho mtoto anaweza kuongea bila kusikika na kila mtu kaunta?
– Nauli ya mashahidi wa kesi za watoto italipwa na nani?
– Utafanya nini kesi ya mtoto isimalize miaka mitatu?
– Chifu au mzee akimalizia unajisi kwa mbuzi, utamfanya nini?

Akijibu hata moja kwa kiasi cha pesa na tarehe, huyo msikilizeni.

22/ Na hili la mwisho mlishike, maana linaweza kukufikia kesho. Likitokea, mpeleke mtoto hospitali haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zinategemea muda huo. Usimwoshe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zake usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ripoti polisi upewe nambari ya OB, na P3 ijazwe. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Na mtu akikwambia familia inaweza kuondoa kesi, mwambie hapana. Kesi ni ya Jamhuri, na sheria haimpi mzazi wala mzee wa ukoo uwezo wa kuifunga.

23/ Yule binti sasa yuko sekondari. Juzi alikuja kuniazima kikokotoo cha hesabu. Shosho bado huenda kumtembelea mwanawe jela, na siku hiyo hiyo jioni hupitia kwa mjukuu wake. Sijui anabebaje yote mawili. Ninachojua ni kwamba tungemwekea kitanzi mbele yake, angelazimika kuchagua mmoja.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa mnaweza kunizomea.

(Hawakunizomea wote. Mzee mmoja alisimama akasema bado anataka kitanzi, na akaeleza kwa nini. Mjukuu wake ndiye yaliyompata. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Baadaye tuliketi naye, akaniuliza kesi yao imefikia wapi, maana mwaka umepita na hajaitwa. Jumatatu tunaenda pamoja kuuliza. Maswali yenu yaacheni hapa chini, nitajibu nikirudi.)