Kompyuta Tano, Leseni Ngapi?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyafanya na wahitimu wa kisomo wa Marui, wilayani Kisarawe. Tumeyaandika ili wasomaji wengine nao wayapate.)

  Tunajua korosho haimngoji mtu, kwa hiyo hatutawachosha.

Kikundi chenu kimepata kompyuta tano zilizokwisha kutumika. Hilo ni jambo la heri. Lakini zimefutwa kila kitu ndani. Taa inawaka, kazi haifanyiki. Mmechanga fedha, mkanunua Windows moja. Sasa fundi anasema, "Nipeni hiyo hiyo moja, nitawapigia zote tano." Wengine mmefurahi. Mzee mmoja akauliza, "Je, ni halali?" Swali lake ndilo lililotuleta hapa leo.

Kwanza tuelewane maneno. Windows ni mfumo wa uendeshaji. Maana yake ni programu ile ya msingi, inayoiendesha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Bila mfumo huo, kompyuta ni sanduku tu.

Sasa, mlinunua nini hasa? Jembe ukilinunua ni lako. Utalima nalo mashamba matano, utamwazima na jirani. Windows sivyo. Mlichonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo huhesabiwa kwa mashine. Ni kama bima ya pikipiki. Bima huandikwa namba ya pikipiki moja. Mwenye pikipiki tano hawezi kukata bima moja akasema zote zimekingwa.

Leseni za Windows ziko za namna nyingi. Tutaje tatu.

Ya kwanza ni ile inayokuja na kompyuta mpya kutoka kiwandani. Leseni hiyo imefungwa na mashine yake. Mashine ikifa, nayo imekufa. Haihamishwi.

Ya pili ni ile inayouzwa peke yake. Hii kwa kawaida inaweza kuhamishwa, lakini ni lazima kwanza uiondoe katika kompyuta ya zamani. Kuhama si kuzaa. Ikihamia ya pili, ya kwanza haina tena.

Ya tatu ni ya pamoja, ya shule, ofisi na makampuni. Hapo mnunuzi hulipia idadi ya kompyuta au ya watumiaji. Lakini angalieni: kwa kawaida leseni ya Windows ya namna hii ni ya kupandisha toleo tu. Kila kompyuta lazima iwe na leseni yake ya awali. Wengi hujikwaa hapo.

Basi jibu la yule mzee ni hili: leseni moja ni ya kompyuta moja. Zilizobaki ni nne, nazo hazina. Ila msikimbilie kununua. Kaguzeni kila mashine kwanza. Huenda ilitoka kiwandani na leseni yake, na bado inayo. Katika zile za zamani, tazameni karatasi iliyobandikwa ubavuni au chini, yenye namba ndefu ya herufi na tarakimu 25. Katika zile zilizotengenezwa tangu mwaka 2012 hivi, namba hiyo mara nyingi imefichwa ndani ya mashine yenyewe. Fundi mwaminifu ataitambua.

Mtauliza, "Nani atatuona huku Marui?" Tangu Windows XP ya mwaka 2001, kampuni ya Microsoft imeweka njia ya kukagua namba hizo kwa intaneti. Namba iliyokwisha kutumika penginepo inaweza kukataliwa. Ndipo fundi huleta kraki, yaani programu ya kuvunja kufuli. Hapo ndipo pabaya zaidi. Anayevunja kufuli la nyumba yako anaweza kuingiza mtu mwingine ndani, nawe usijue.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Katika kituo kimoja tulikubali Windows ya kraki kwa sababu ilikuwa bure. Baada ya muda virusi viliingia. Hesabu za akiba za kina mama zikapotea zote. Kilichotuokoa ni daftari la karatasi ambalo mama mmoja alikuwa bado analiandika kwa mkono. Tulikaa siku nyingi kuzirudisha hesabu zile, na aibu tuliyoipata hatujaisahau.

Tena iko sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Mwanamuziki wetu analia kazi yake ikinakiliwa bila ruhusa. Mwandishi wa programu naye ana jasho lake.

Je, kikundi kisicho na fedha kikae giza? La. Iko njia ya halali. Mwaka 1991 kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, alianza kutengeneza Linux. Leseni ya Linux inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Kompyuta tano, hata mia tano, ni sawa tu. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, ambayo ni Linux ya namna moja. Jina hilo maana yake ni utu. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandika na kupiga hesabu, kwa Kiswahili chetu.

Hatusemi Linux haina taabu. Programu nyingine za Windows hazikubali humo, na fundi lazima awe ameisomea. Lakini kwa mashine za zamani inafaa. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11.

Ushauri wetu ni huu. Ile Windows moja iwekwe katika kompyuta moja. Zile nne zikikaguliwa na kuonekana hazina leseni, ziwekwe Linux. Risiti itunzwe. Na katika daftari la kikundi, kila kompyuta iwe na mstari wake: namba ya mashine, mfumo wake, leseni yake na tarehe.

Neno la mwisho. Zamani wengi wetu tulitia dole gumba kwenye karatasi tusizoweza kuzisoma. Kisomo kimetutoa huko. Sasa fundi anapoweka programu, yanatokea maandishi marefu, mara nyingi ya Kiingereza, na chini yake pa kubonyeza "nakubali". Akibonyeza bila kuuliza, amewatilieni dole gumba ninyi nyote. Mwambieni asimame kwanza, awaelezeni yaliyoandikwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kompyuta yenu ina leseni ya namna gani? Mmejuaje?
2. Kwa nini leseni ni tofauti na jembe?
3. Nani katika kikundi atatunza daftari la kompyuta?